Kabla ya kusema "niko tayari": haki yako ya kuonyeshwa ushahidi katika kesi ya jinai

Tuseme ng'ombe wawili wa jirani yako wamepotea usiku. Siku tatu baadaye polisi wanafika kwako na kukuchukua, na kesho yake unasimama kizimbani. Karani anakusomea mashtaka ya wizi wa mifugo. Unakana. Hakimu anapanga tarehe ya kesi kusikilizwa. Tarehe hiyo inapofika, kiongozi wa mashtaka anasema mashahidi wake watatu wako mahakamani. Hakimu anakugeukia na kuuliza: "Mshtakiwa, uko tayari kuendelea?"

Watu wengi hujibu, "Ndiyo, niko tayari." Wengine hujibu hivyo kwa sababu wanajua hawakuiba. Wengine wamechoka na rumande na wanataka mambo yaishe. Wengine wanaona kumwambia hakimu "hapana" ni kukosa heshima. Lakini hawajui mashahidi hao ni akina nani, waliandikisha nini kituoni, wala ni vitu gani vitaletwa kama vielelezo. Wamesema wako tayari kujibu jambo ambalo hawajaambiwa.

Katika makala haya tunaeleza haki ya mshtakiwa kuonyeshwa ushahidi kabla haujatolewa dhidi yake: ilitoka wapi, inakupa nini, na unaidai vipi. Pia tunaeleza inamhusu vipi mlalamishi na shahidi, kwa sababu wao nao huumia haki hii inapovunjwa. Tunazungumzia sheria ya Kenya. Mfano wa ng'ombe ni wa kubuni, lakini sheria na kesi tutakazotaja ni za kweli.

Katiba inasema nini

Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinahusu haki ya kusikilizwa kwa usawa. Sehemu yake ya pili ina orodha ndefu ya haki za mshtakiwa, na katika herufi (j) kuna mambo mawili. Kwanza, mshtakiwa aarifiwe mapema kuhusu ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Pili, aweze kuufikia ushahidi huo kwa kiasi kinachofaa. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba ushahidi upo. Lazima uweze kuuona na kuusoma.

Haki hii inashikamana na nyingine zilizo katika orodha hiyo hiyo. Una haki ya kuelezwa mashtaka kwa kina cha kutosha ili uweze kuyajibu. Una haki ya kupewa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi wako. Una haki ya kuleta ushahidi wako na kuupinga ule wa upande wa mashtaka. Sasa fikiria: utapinga vipi maneno ambayo unayasikia kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani? Utamtafuta vipi shahidi wa kukutetea ikiwa hujui unadaiwa kuwa wapi, saa ngapi? Ndiyo maana tunasema haki ya kuona ushahidi ndiyo inayozipa nguvu hizo nyingine.

Na Kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kusikilizwa kwa usawa katika kundi dogo la haki ambazo haziwezi kupunguzwa. Ziko nne tu katika kundi hilo, na nyingine ni pamoja na haki ya kutoteswa na haki ya kutofanywa mtumwa.

Haki hii ilitoka wapi

Haikuwa hivi tangu zamani. Kwa miaka mingi, mshtakiwa katika mahakama ya hakimu alikuwa anapata hati ya mashtaka tu. Maelezo ya mashahidi yalikaa kwenye faili ya polisi, naye aliyasikia siku shahidi anapopanda kizimbani. Mshtakiwa alikuwa kama mtu anayeviziwa njiani.

Mwaka 2003 washtakiwa watatu waliomba nakala za taarifa za mashahidi, na suala lao likafika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Katiba ya wakati huo haikutaja wazi haki ya kuonyeshwa ushahidi. Ilisema tu kwamba mshtakiwa apewe muda na nyenzo za kutosha kujiandaa. Majaji walisema kwamba maneno hayo hayana maana ikiwa mtu hajui anajiandaa dhidi ya nini. Wakaamua kwamba washtakiwa wapewe taarifa na vielelezo kabla ya kesi kusikilizwa.

Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilitilia mkazo uamuzi huo katika kesi iliyofuatiliwa na nchi nzima, ile ya Thomas Cholmondeley, aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Mahakama ilisema upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa, kabla ya kesi, nakala za taarifa za mashahidi na za hati zitakazotumiwa. Ikiwa upande wa mashtaka unaona kuna kitu kisichofaa kuonyeshwa, kwa mfano kwa maslahi ya umma, hauwezi kukificha kimyakimya. Lazima umweleze jaji au hakimu, naye ndiye ataamua.

Miaka miwili baadaye Katiba mpya ikaiandika haki hii waziwazi.

Kisha ikaja siku ya kuipima. Mwishoni mwa mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyoua watu wengi Mandera, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Kipengele kimoja kiliruhusu upande wa mashtaka kuzuia baadhi ya ushahidi hadi muda mfupi tu kabla ya kesi kusikilizwa, ikiwa uliona kuufichua mapema kungeleta madhara. Upinzani ulikwenda mahakamani. Mnamo Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walikifuta kipengele hicho pamoja na vingine kadhaa, kwa kuwa kilikiuka Kifungu cha 50. Ugaidi ulikuwa jambo zito, lakini hata mtu anayeshtakiwa kwa ugaidi anapaswa kujua anajibu nini. Ikiwa ni hivyo kwa kosa kubwa namna hiyo, ni hivyo pia kwa kesi ya ng'ombe.

Unapaswa kupewa nini

Katika mfano wetu wa ng'ombe, mambo ya kuomba ni haya:

- Hati ya mashtaka, yaani karatasi inayosema unashtakiwa kwa kosa gani, la tarehe gani, mahali gani na chini ya sheria ipi.
- Taarifa za mashahidi wote watakaoitwa. Hizi ni zile walizoandikisha kwa polisi na kutia sahihi.
- Nakala za hati zitakazotolewa: fomu ya P3 ikiwa kuna mtu aliyeumia, ripoti za wataalamu, picha, orodha ya vitu vilivyochukuliwa nyumbani kwako.
- Nakala ya yale yaliyoandikwa katika kitabu cha OB siku mlalamishi alipopiga ripoti kwa mara ya kwanza, ikiwa yanahusu utetezi wako.
- Nafasi ya kuona vielelezo visivyoweza kunakiliwa, kama vile panga, kamba, ngozi ya mnyama au simu.

Kwa nini OB ni muhimu? Tuseme jirani yako alipiga ripoti asubuhi ile na kusema, "Niliona watu wawili gizani, sikuwatambua." Wiki moja baadaye anaandikisha taarifa akisema alikutambua kwa sura na sauti. Mahakamani anasema alikumulika kwa tochi na kukuona vizuri kabisa. Mtu aliyesoma makaratasi anaweza kumuuliza: "Mbona siku ya kwanza ulisema hukunitambua?" Swali hilo moja linaweza kubadilisha kesi. Asiyekuwa na makaratasi hawezi hata kujua kwamba swali lenyewe lipo.

Jambo jingine: wajibu wa upande wa mashtaka si kukuonyesha yale yanayokuumiza tu. Ikiwa polisi wana kitu kinachoweza kukusaidia, kwa mfano taarifa ya mtu aliyesema ng'ombe walionekana soko jingine mikononi mwa mtu mwingine, nacho unapaswa kuonyeshwa. Kazi ya kiongozi wa mashtaka ni kuisaidia mahakama kuupata ukweli, na ukweli una pande zote.

"Mapema" ni lini?

Hapa watu wengi huelewa vibaya. Wengine hudhani kwamba ikiwa karatasi moja haikutolewa siku ya kwanza, basi kesi imekufa. Sivyo.

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilieleza kwamba kuarifiwa mapema hakumaanishi lazima kila kipande cha ushahidi kitolewe kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. Wajibu wa kuonyesha ushahidi unaendelea kadiri kesi inavyoendelea, kwa kuwa shahidi mpya anaweza kupatikana au ripoti ya maabara ikachelewa. Jambo la msingi ni kwamba uonyeshwe ushahidi kabla haujatolewa mahakamani, na upewe muda wa kutosha kuusoma na kujiandaa.

Kwa hiyo ukiletewa taarifa ya shahidi asubuhi ile ile anayotakiwa kutoa ushahidi, una haki ya kuomba muda. Hakimu ndiye ataamua ni muda gani unatosha. Karatasi mbili zinaweza kuhitaji saa chache. Rundo la hesabu za chama cha ushirika linaweza kuhitaji wiki kadhaa.

Unaidai vipi

Siku ya kusomewa mashtaka, ukishajibu, omba hapo hapo: "Naomba nipewe taarifa za mashahidi na hati zote." Mara nyingi hakimu huamuru hivyo hata kabla hujaomba. Amri hiyo huandikwa kwenye faili.

Ukifika tarehe ya kesi na bado hujapewa, usiseme "niko tayari." Sema hivi, kwa heshima: "Mheshimiwa, sijapewa taarifa za mashahidi. Naomba hilo liandikwe, na naomba nipewe kabla ya kesi kuendelea." Huhitaji Kiingereza wala maneno ya wanasheria. Kinachohitajika ni maneno yako yaingie kwenye kumbukumbu za mahakama.

Tunasisitiza neno *yaandikwe* kwa sababu moja. Ukikata rufaa, majaji hawatakuwa wamekuona ukisimama pale. Watasoma faili. Ikiwa faili inaonyesha uliomba mara mbili ukanyimwa, una hoja nzito. Ikiwa inaonyesha ulisema "niko tayari" na hukulalamika hata siku moja, itakuwa vigumu kuwashawishi kwamba uliumizwa.

Ukiambiwa utoe pesa za kunakili nawe huna, usinyamaze wala usiende kukopa kwa aibu. Mwambie hakimu waziwazi kwamba huna uwezo. Katiba inazungumzia nyenzo za kutosha za kuandaa utetezi, na hakimu ana mamlaka ya kuamuru jinsi utakavyopata makaratasi hayo. Kama uko rumande, sema hivyo pia, kwa sababu mtu aliyefungiwa hawezi kwenda dukani kunakili chochote.

Ukishapewa, hesabu karatasi. Linganisha majina ya mashahidi yaliyo kwenye hati ya mashtaka na taarifa ulizo nazo. Ikiwa kuna jina lisilo na taarifa, uliza.

Lugha na kusoma

Taarifa nyingi za polisi huandikwa kwa Kiingereza, hata pale shahidi alipozungumza Kiswahili au lugha ya mama. Kifungu cha 50 kinasema kwamba habari ambayo mtu anapaswa kupewa chini ya kifungu hicho atapewa kwa lugha anayoielewa. Pia kinakupa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha inayotumika katika kesi.

Kama hujui kusoma, au hujui Kiingereza, usione haya kusema. Aibu ya dakika moja ni afadhali kuliko kifungo cha miaka. Mwambie hakimu unahitaji kuelezwa yaliyoandikwa. Unaweza pia kumwomba mtu unayemwamini akusomee polepole, nawe ukumbuke mambo ambayo hayakutokea jinsi yanavyodaiwa.

Je, nawe unalazimika kuonyesha utetezi wako?

Hapana. Katika kesi ile ya Cholmondeley, jaji aliyekuwa akisikiliza kesi alikuwa ameuamuru upande wa utetezi nao ukabidhi makaratasi yake kwa upande wa mashtaka. Mahakama ya Rufaa iliifuta amri hiyo. Sababu yake ni rahisi: Serikali ndiyo inayodai umetenda kosa, kwa hiyo Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe unachukuliwa kuwa huna hatia, una haki ya kunyamaza, na huwezi kulazimishwa kujitolea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Hata hivyo, si kila siri ina faida. Ikiwa usiku wa wizi ulikuwa kwenye matanga kijiji cha mbali, na watu hamsini walikuona, ni busara kulitaja jambo hilo mapema badala ya kungoja siku ya mwisho. Mahakama huuliza kwa nini mtu mwenye jibu zuri hivyo alikaa nalo kimya. Pia ukileta jambo jipya katika utetezi, upande wa mashtaka unaweza kuomba ruhusa ya kuleta ushahidi wa kulijibu.

Ushahidi uliopatikana kwa njia mbaya

Kuona ushahidi mapema kunakusaidia pia kuuliza umepatikana vipi.

Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari chini ya ukoloni, mwanamume aliyeitwa Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa na polisi kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli. Walimpekua, wakadai kumpata na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kupatikana na risasi wakati huo kuliweza kukuletea kunyongwa. Kanuni zilisema upekuzi wa namna ile ufanywe na afisa wa cheo fulani au zaidi, lakini waliompekua hawakuwa na cheo hicho. Kisu chenyewe hakikuletwa mahakamani. Kuruma alikana kuwa na risasi. Alihukumiwa kifo, na rufaa yake ilifika hadi London. Majaji wa huko walisema kwamba ikiwa ushahidi unahusu kesi, mahakama haijali umepatikana vipi. Rufaa ikatupwa.

Uamuzi huo uliongoza mahakama za nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza kwa miaka mingi. Katiba ya 2010 ilikataa kuufuata. Kifungu cha 50, sehemu ya nne, kinasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za kimsingi utakataliwa, ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki kwa jumla.

Soma maneno hayo kwa makini. Hayasemi kwamba kila kosa la polisi linafuta ushahidi. Hakimu anapima: haki gani ilivunjwa, kwa kiasi gani, na je, kuupokea ushahidi huo kutaharibu kesi? Lakini lazima mtu aliseme jambo lenyewe. Ikiwa nyumba yako ilipekuliwa usiku bila kibali, au ulipigwa ili uonyeshe kitu kilipo, mweleze hakimu mapema, na onyesha majeraha kama yapo.

Kuhusu maungamo, sheria ni kali zaidi. Kifungu cha 49 kinasema mtu aliyekamatwa asilazimishwe kukiri. Sheria ya Ushahidi inasema maungamo hayapokelewi isipokuwa yametolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu mwingine uliyemchagua wewe. Maneno yaliyopatikana kwa vitisho au kwa ahadi, kama vile "kiri tukuachilie," hayana nguvu. Kwa hiyo ukiletewa karatasi kituoni utie sahihi au alama ya dole gumba, omba kwanza usomewe. Una haki ya kukataa.

Simu yako inapokuwa shahidi

Siku hizi kesi nyingi za vijijini zina simu ndani yake: ujumbe mfupi, picha za WhatsApp, rekodi za M-Pesa, orodha ya namba zilizopigiana. Ushahidi huu unapokelewa, lakini una masharti. Chini ya Sheria ya Ushahidi, nakala iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta au simu huambatana na cheti. Cheti hicho hueleza kilichochapishwa ni nini, kimetolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani, na hutiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa hicho.

Ukionyeshwa karatasi yenye ujumbe unaodaiwa ni wako, uliza: cheti kiko wapi? Namba hiyo imeandikishwa kwa jina la nani? Simu ilichukuliwa lini, na nani ameishika tangu siku hiyo? Kwa upande wa pili, kama simu yako ina ujumbe unaokutetea, usiufute. Ujumbe unaoonyesha uliomba lifti kwenda matangani saa mbili usiku unaweza kukuokoa.

Ikiwa wewe ni mlalamishi au shahidi

Labda wewe si mshtakiwa. Ng'ombe waliopotea ni wako, au mtoto aliyeumizwa ni wako, na unaona haki hizi zote zinampendelea mhalifu. Tunaelewa uchungu huo. Lakini tazama kinachotokea mshtakiwa anapohukumiwa bila kuonyeshwa ushahidi. Anakata rufaa, Mahakama Kuu inaifuta hukumu, na huenda ikaamuru kesi isikilizwe upya. Wewe unaitwa tena, miaka kadhaa baadaye, kusimulia jambo lile lile ulilotaka kulisahau. Wakati huo shahidi mmoja ameshahama na mwingine ameshafariki. Au mahakama inaona muda umepita mno, mtu anaachiliwa, na kesi inaisha hivyo. Ushahidi wako ukionyeshwa mapema na kupimwa vizuri mara ya kwanza, hukumu inasimama.

Jua, basi, kwamba taarifa utakayoandikisha itasomwa na mshtakiwa. Isemwe kama ilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe kwa lugha yako, na usahihishe makosa. Kama hukumtambua mtu, sema hukumtambua. Chukua namba ya OB na uitunze.

Kama unahofia usalama wako baada ya jina lako kujulikana, mwambie afisa wa upelelezi au kiongozi wa mashtaka mapema. Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi tangu mwaka 2006, na kuna shirika la Serikali lenye kazi hiyo. Mahakama pia inaweza kuzuia umma na waandishi wa habari wasiwe ndani ili kumlinda shahidi, na inaweza kuruhusu mtu wa kumsaidia mlalamishi, kama vile mtoto mdogo, kuwasiliana na mahakama.

Wakili ukikosa pesa

Una haki ya kuchagua wakili, na mahakama inapaswa kukuarifu kuhusu haki hiyo upesi. Ikiwa huna uwezo, Katiba inasema Serikali itakupa wakili ikiwa bila wakili utadhulumika pakubwa. Si kila mshtakiwa hupata. Mahakama hutazama uzito wa kosa, adhabu yake, ugumu wa kesi na uwezo wako wa kujieleza. Anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili. Kwa makosa mengine lazima uombe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili hiyo. Muulize hakimu au karani jinsi ya kuomba, na fanya hivyo mwanzoni, si baada ya mashahidi kumaliza.

Baada ya hukumu

Ukipatikana na hatia katika mahakama ya hakimu, una siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Ukichelewa kwa sababu ya maana, unaweza kuomba kuongezewa muda. Una haki pia ya kupewa nakala ya mwenendo wa kesi ukiiomba. Na ikiwa baadaye, rufaa zote zikiwa zimekwisha, utapatikana ushahidi mpya wenye uzito, Kifungu cha 50 kinakuruhusu kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya.

Mambo ya kukumbuka

1. Omba taarifa za mashahidi na hati zote siku ya kwanza.
2. Kama hujapewa au hujazisoma, usiseme "niko tayari." Eleza sababu na uombe iandikwe.
3. Kama huna pesa za nakala, hujui kusoma au huelewi lugha, mwambie hakimu.
4. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa.
5. Kama wewe ni shahidi, sema ulichoona tu, usomewe, kisha utie sahihi.

Turudi kizimbani. Hakimu amekuuliza kama uko tayari. Hajakutega, na kusema bado hujapewa makaratasi si ukaidi. Ameuliza kwa sababu sheria inamtaka ajue. Mpe jibu la kweli.